UNO, UN, UNA: Mzungumzaji wa Kiswahili na Nambari ya Kwanza ya Kihispania



Napenda kuishukuru kamati iliyoandaa mfululizo huu wa mihadhara ya hadhara kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi. Mhadhara wa aina hii hutarajiwa kubeba mada pana: hali ya Kiswahili, mustakabali wa Kiswahili, Kiswahili na utandawazi. Mimi nimechagua neno moja tu, tena la lugha ya watu wengine. Neno lenyewe ni "uno", yaani "moja" kwa Kihispania. Hoja yangu ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza kulitumia neno hilo tayari anayo sehemu kubwa ya sarufi anayoihitaji, na kwamba sehemu hiyo hupotezwa pale anapofundishwa Kihispania kwa kupitia Kiingereza.

Suala hili halihusu nadharia peke yake. Itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Sheria ya Kuasisi Umoja wa Afrika iliziorodhesha Kihispania na Kiswahili katika kifungu kimoja cha lugha za Umoja, na mwezi Februari 2022 wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili kiwe lugha ya kazi. Kihispania nacho kimo humu barani kwa haki yake: ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nchi ambayo wananchi wake wengi ni wasemaji wa Kifang na Kibubi, lugha za Kibantu kama hii yetu. Watahitajika wafasiri na wakalimani watakaotoka katika lugha moja na kuingia katika nyingine bila kupitia mlango wa jirani. Lakini vitabu ambavyo mwanafunzi wetu hukutana navyo vimeandikwa, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza. Humwonya dhidi ya makosa ambayo Mswahili hana sababu ya kuyafanya, na hunyamaza kuhusu yale ambayo bila shaka atayafanya.

Maumbo ya neno

Tuanze na maumbo. Mhispania akihesabu vidole husema "uno, dos, tres". Akitaja kitabu kimoja husema "un libro", na nyumba moja "una casa". Umbo kamili "uno" hutumika nambari inaposimama peke yake au inapochukua nafasi ya nomino ya kiume. Mbele ya nomino ya kiume irabu ya mwisho hukatwa, tunabaki na "un". Mbele ya nomino ya kike tunapata "una". Asili yake ni Kilatini "unus", ambalo nalo lilikuwa likibadilika kufuata nomino.

Kwa msomaji wa Kiingereza jambo hili ni geni, kwa kuwa nambari yake haibadiliki. Ndiyo maana vitabu hutumia kurasa nyingi kumzoesha wazo kwamba nambari inaweza kutii nomino. Mswahili amezaliwa katika wazo hilo. Husema mtu mmoja, kiti kimoja, jambo moja, ukuta mmoja, mahali pamoja, na akihesabu bila kutaja kitu husema "moja, mbili, tatu". Anajua, ingawa pengine hajawahi kuambiwa, kwamba nambari ina umbo la kuhesabia na ina maumbo ya kupatana. Hayo ndiyo mahusiano yaliyopo kati ya "uno" kwa upande mmoja na "un" na "una" kwa upande mwingine. Kilichobaki kwake ni kujifunza kwamba Kihispania kina makundi mawili ya nomino, si ngeli nyingi kama zetu, na kwamba nomino haibebi kiambishi awali cha kulitambulisha kundi lake. Hapo kuna kazi ya kukariri kweli: "la mano", mkono, ni ya kike ingawa inaishia na "o", na "el día", siku, ni ya kiume ingawa inaishia na "a".

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa ishirini na moja. Kihispania husema "veintiún libros" na "veintiuna casas". Tazameni kwa makini: nomino iko katika wingi, lakini kipande cha mwisho cha nambari kimebaki katika umoja, tena kimepatana na nomino. Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza hapa hukwama, na wengine hujaribu kulazimisha wingi. Kwetu sisi mambo ni yale yale: vitabu ishirini na kimoja, watu ishirini na mmoja, kurasa ishirini na mmoja. Nomino ni wingi, kiambishi ni cha umoja, kwa sababu tunahesabu ishirini kwanza, kisha tunaongeza kile kimoja. Najua kwamba vijana wengi siku hizi husema "vitabu ishirini na moja", na sitaki kugeuza mhadhara huu kuwa kesi ya usanifu. Nataka tu waelewe kwamba wanapouacha upatanisho huo wanaacha pia daraja la kuvukia.

Kuna kitabu ambacho jina lake limekusanya karibu kanuni zote hizi. Sisi tunakiita Alfu Lela Ulela, jina tulilolichukua kutoka Kiarabu, ambacho kwa kweli husema "usiku elfu na usiku". Wahispania hukiita "Las mil y una noches". "Mil", elfu, haikutanguliwa na "un". "Una" ni ya kike na ya umoja kwa sababu inapatana na "noche", usiku. "Noches" ni wingi. Mswahili angetafsiri: usiku elfu na mmoja. Neno kwa neno hakuna kilichopungua, isipokuwa kwamba usiku wetu hauonyeshi wingi.

Mwanafunzi atakayeuliza habari za namba za kurasa atapata jambo la kumshangaza zaidi. "Treinta y una páginas" ni kurasa thelathini na mmoja. Lakini ukimwambia mtu afungue kitabu penye ukurasa wa thelathini na moja, husemi "treinta y una". Unasema "la página treinta y uno". Nambari ikifuata nomino kama jina la nafasi yake, hurudi katika umbo la kuhesabia hata kama nomino ni ya kike. Sasa rudini kwenye Kiswahili: kurasa thelathini na mmoja, ukurasa wa thelathini na moja. Vitabu vinne na vitano vya sarufi ya Kihispania vinaweza kulieleza jambo hili kama upekee wa lugha hiyo. Mswahili mwenye sikio zuri anaweza kulikisia kabla hajaambiwa.

Katika tarehe ndipo njia zinapoachana kidogo, na kwa namna ya kupendeza. Tarehe ya kwanza ya mwezi Kihispania cha Amerika huita "el primero", wa kwanza. Huko Hispania husikika pia "el uno". Sisi tuna neno la tatu, "mosi", ambalo tumelihifadhi katika Mei Mosi na katika Jumamosi, na karibu tumelisahau kwingineko.

Palipo na ukimya

Sehemu ninayoiona kuwa muhimu zaidi haihusu mahali ambapo "un" hutamkwa, bali mahali ambapo haitakiwi kutamkwa. Kihispania, pamoja na kuwa na artikali, yaani neno dogo linalotangulia nomino kuonyesha kama kitu kinachotajwa kinajulikana au hakijulikani, hunyamaza mahali pengi ambapo Kiingereza husema. Karibu kila mahali kinaponyamaza, Kiswahili nacho kimenyamaza.

Mimi ni mwalimu: "Soy maestro". Hakuna "un". Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza husema "Soy un maestro", akiongeza neno ambalo lugha yake ya kwanza haikuwa nalo na lugha anayojifunza haikulihitaji. Kitabu kingine: "otro libro". Aliyepitia Kiingereza huweka "un" mbele ya "otro", kosa ambalo walimu wa Kihispania hulisahihisha mpaka wakachoka. Nusu kilo: "medio kilo". Nusu saa: "media hora". Watu mia: "cien personas". Watu elfu: "mil personas". Bila kofia: "sin sombrero". Siku fulani: "cierto día". Katika mifano yote hiyo Mswahili akitafsiri kutoka moyoni mwake, anapatia. Akitafsiri kutoka katika kitabu chake cha shule, anakosea. Hata mpangilio wa maneno humsaidia: saa moja na nusu, kwa maana ya muda, ni "una hora y media", na kilo moja na nusu ni "un kilo y medio", nusu ikija mwisho kama kwetu.

Milioni ndiyo inayovunja safu. "Un millón de personas" hudai "un" mbele yake na "de" nyuma yake, kwa kuwa "millón" katika Kihispania ni nomino kamili, si nambari kama "mil". Hili likaririwe tu.

Ukanushaji nao umo katika mkondo huo huo. "No vino ninguno" maana yake hakuja hata mmoja. Kitenzi kimekanushwa, na bado nambari imebeba ukanushi wake nyuma. "Ninguno" limetokana na Kilatini "nec unus", yaani "wala mmoja". Mwanafunzi wa Kiingereza ameonywa tangu utoto kwamba kukanusha mara mbili ni kosa, kwa hiyo husitasita. Mswahili hukanusha kitenzi kwanza kisha akaongeza "hata mmoja", wala haoni ajabu. Aongeze tu kwamba "ninguno" likitangulia kitenzi, "no" huondoka, na kwamba mbele ya nomino ya kiume nalo hukatwa kama ndugu yake: "ningún libro", hakuna kitabu hata kimoja.

Ulimi

Niseme machache kuhusu matamshi, maana hapa ndipo kosa la kwanza la Mswahili hutokea. Husema "uno libro". Walimu hulichukulia kuwa ni kutojua kanuni. Mara nyingi kanuni anaijua. Ulimi ndio unaokataa. Maneno yetu huishia kwa irabu, na tulipochukua maneno ya kigeni yanayoishia kwa konsonanti tuliyapa irabu. Tulifanya hivyo kwa benki, kwa shati, kwa daktari. Kwa ulimi wa namna hiyo "un" ni neno lililokatwa mguu.

Dawa ipo ndani ya Kiswahili chenyewe. Katika usemi wa kawaida "n" ya "un" huungana na konsonanti inayofuata na kubadilika kufuata mahali inapotamkiwa. "Un beso", busu moja, husikika kama "umbeso". "Un dedo", kidole kimoja, ni "undedo". "Un gato", paka mmoja, ni "ungato". Hizo ni mb, nd na ng, sauti ambazo mtoto wa Kiswahili huzitamka katika mbuzi, ndizi na ngoma kabla hajaota meno yote. Mwanafunzi aambiwe agawe silabi Kiswahili: u-mbe-so, u-nde-do, u-nga-to. Atasikika vizuri kuliko yule anayejitahidi kufunga silabi kwa "n" iliyokauka. Palipo na irabu mambo ni rahisi zaidi: "un amigo" ni u-na-mi-go. Ila ajihadhari, maana "una amiga" katika usemi wa haraka husikika u-na-mi-ga. Sikio halitamwambia jinsia kwa kusikiliza nambari, litamwambia kwa kusikiliza mwisho wa nomino.

Na kwa kuwa tumetaja "una", niwakumbushe wanafunzi kwamba si "una" yetu. Mtu akiona "una casa" asidhani anaulizwa kama ana nyumba.

Pale ambapo "-moja" haitoshi

Ningekuwa nawadanganya kama ningeishia hapo. Kuna mahali ambapo Kiswahili hakimsaidii mwanafunzi, na mahali hapo ni pakubwa.

Kwa Kiswahili naweza kusema: "Kuna mwanafunzi mlangoni." Kwa Kihispania lazima niseme "Hay un estudiante en la puerta". Mwanafunzi wetu huiacha "un" kwa sababu haoni kazi yake: hahesabu, na hakuna aliyemuuliza ni wangapi. Akielezwa kwamba "un" ni "mmoja", hushangaa zaidi, maana "kuna mwanafunzi mmoja mlangoni" kwake ni habari nyingine.

Wanaisimu wa Kihispania wenyewe hawakukubaliana upesi kuhusu neno hili. Amado Alonso, katika makala yake ya 1933 kuhusu artikali, alikataa kuiweka "un" katika daraja moja na "el". Emilio Alarcos Llorach katika sarufi yake ya 1994 naye hakuihesabu kuwa artikali. Sarufi mpya ya Real Academia Española iliyotolewa 2009 inaitambua kuwa artikali, huku ikikiri kwamba ni nambari pia. Nadhani sisi tunaweza kuchangia mjadala huo tukiwa na ushahidi wa nyumbani, kwa sababu "-moja" yetu imekwisha kuanza safari hiyo hiyo.

Sikilizeni ngano zetu zinavyoanza: paliondokea mzee mmoja. Msimulizi hahesabu wazee. Anamleta mtu ambaye yeye msimulizi anamjua na msikilizaji hajamjua bado. "Jana nimekutana na mwanafunzi mmoja" hali kadhalika. Talmy Givón alionyesha mwaka 1981 kwamba lugha nyingi zimeigeuza nambari moja kuwa alama ya kitu kisichojulikana, na kwamba safari huanza na kitu mahususi, ambacho msemaji anacho akilini, ndipo baadaye ifike kwa kitu chochote kile. Kiswahili kimesimama katika kituo cha kati. Nikisema "nahitaji kalamu", yaani kalamu yoyote, siweki "moja" isipokuwa nahesabu. Kihispania kimeendelea mbele: "Necesito un lapicero", liwe lolote.

Hapo ndipo somo linapotakiwa kuanzia. Mwalimu asimwambie mwanafunzi kwamba "un" ni "mmoja", wala asimwambie kwamba ni ile artikali ya Kiingereza. Amwambie kwamba "un" ni yule "mmoja" wa ngano, aliyeruhusiwa kuingia hata mahali ambapo msimulizi hana mtu mahususi akilini. Tafsiri hiyo ina faida nyingine. Juan akiwa mchekeshaji wa sarakasi kwa kazi yake, husemwa "Juan es payaso". Akiwa mtu wa kazi nyingine ambaye hana haya wala utulivu, husemwa "Juan es un payaso". Kwa kuiweka "un", msemaji ameacha kutaja kazi. Amemfanya Juan kuwa mtu mmoja wa namna hiyo. Ndiyo maana pia "Soy maestro" hugeuka kuwa "Soy un maestro" mara tu unapoongeza sifa, kama vile "Soy un maestro muy paciente", mwalimu mvumilivu sana. Mswahili hatalijua hili kwa kukisia. Alifundishwe polepole, kwa mifano mingi.

Wingi wa moja nao huwatatiza wengi: "unos", "unas". Inakuwaje moja iwe na wingi? Lakini sisi husema "hao ni wamoja" bila kumshangaza mtu. "Unos treinta estudiantes" ni wanafunzi kama thelathini, na "los unos y los otros" ni hawa na wale.

Saa ndiyo itakayomkosesha mwanafunzi basi lake. "Es la una" ni saa saba. Nambari iko katika umbo la kike kwa sababu ya "hora", saa, ambayo haitajwi. Kitenzi kiko katika umoja, ilhali kuanzia saa inayofuata ni "son las dos", "son las tres". Saa moja yetu, kwa upande mwingine, ni "las siete". Kwa hiyo siku ya kwanza ya kufundisha saa, "una" itafsiriwe "saba" na "siete" itafsiriwe "moja", na yeyote atakayecheka aachwe acheke, kwa sababu hatasahau.

Pendekezo langu kwa idara za lugha ni la vitendo. Mwongozo wa Kihispania kwa wasemaji wa Kiswahili uandikwe kwa Kiswahili, na sura yake ya nambari ipangwe kwa kufuata mahali tunapofanana na tunapotofautiana nacho, badala ya kufuata fihirisi ya kitabu cha Kiingereza. Usianze na "un libro". Uanze na "otro libro", "medio kilo" na "soy maestro", ili mwanafunzi agundue kwamba ukimya wake ni sahihi. Kisha afundishwe umbeso na ungato. Ndipo ije "hay un estudiante", ambayo ipewe wiki nzima. Na zoezi la kwanza la nambari kubwa liwe hili: mwanafunzi apewe "kurasa thelathini na mmoja" na "ukurasa wa thelathini na moja", azitafsiri kwa Kihispania kabla ya kufunuliwa kanuni yoyote, kisha aulizwe amejuaje.